Gari la Rubani na Alhamisi za Mama

Jumanne, 1 Machi

Kaka yangu Rubani amerudi na gari. Tulilisikia kabla ya kuliona, maana alianza kupiga honi tangu kwenye kona ya kinu cha nafaka. Niliacha suruali ya mteja ikining'inia kwenye cherehani, nikatoka. Ni gari jeusi, refu, la kupanda milima. Limetumika nchi za mbali na bado linang'aa. Ndani lina kioo kipana kama trei ya chai, na kamera mbele na nyuma. Nyuma ya nembo ya mbele lina jicho la umeme ambalo kaka yangu anaapa linatambua hata ng'ombe kwenye ukungu. Hakuna pa kutia ufunguo. Unabonyeza kitufe tu.

Na linaongea. Ukifungua mlango, sauti ya mwanamke inasema jambo refu, kwa adabu sana, kwa lugha ya huko lilikotoka. Hakuna hata mmoja wetu anayeelewa. Mama aliitikia, "Salama, mwanangu, karibu." Rubani akamwambia hiyo ni kompyuta. "Kwani kompyuta haisalimiwi?" Mama akauliza. Tangu hapo anaiita mkwe, kwa kuwa Rubani umri unakwenda na hajaleta mwingine.

Sababu ya gari ni hii. Daktari amesema Mama apate dawa ya dripu kila Alhamisi, msimu huu wote, bila kuruka, ili uvimbe wa tumboni usipate nafasi ya kupumua. Hospitali yenye dawa hiyo iko mjini, ng'ambo ya mto. Daraja letu ni la zege, la chini, halina kingo, na mvua zikikolea maji hupita juu yake. Kwa hiyo Rubani, ambaye kazi yake ni kufunga sola kwenye mapaa ya watu, ameuza kiwanja chake akanunua gari. Hakuniomba ushauri. Nami ningempa wa kumkatisha tamaa, najijua.

Alhamisi, 3 Machi

Safari ya kwanza. Barabara ilikuwa kavu. Tulipofika kwenye lami, kila Rubani alipokaribia mstari mweupe gari lilimrudisha lenyewe. Yeye anavuta kushoto, usukani unavuta kulia. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Mkwe anakukataza, baba. Msikilize."

Dripu ilichukua mchana wote. Mama alilala akiwa ameshika kidole changu kimoja. Wakati wa kurudi alitapika kwenye ndoo, kisha akaliomba gari radhi.

Jumamosi, 5 Machi

Rubani anasema gari linahitaji kuinuliwa.

"Kuinuliwa kwenda wapi?"

"Juu, Dada. Maji yakifika milangoni tumekwisha. Springi ndefu, matairi makubwa, na bomba la kuvutia hewa lipande mpaka usawa wa paa, injini isinywe maji."

"Si ulisema ni gari la mtoni?"

"Lilivyotoka kiwandani ni la watu wa lami."

Anashinda kwenye simu akitazama video za wanaume wa nchi nyingine wakivuka mito na muziki nyuma yao. Nilitazama naye tatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amembeba mama yake.

Jumatano, 9 Machi

Gari limerudi kutoka kwa mchomeleaji, refu kama ghala. Watoto wa jirani wanapita chini ya bampa la nyuma wakiinamisha vichwa kidogo tu. Rubani alilizunguka mara kadhaa akiligonga gonga, amejaa furaha, nami nikataka kufurahi naye, maana tangu Mama augue sijamwona akiwa na uso ule.

Kisha Mama akatoka kulijaribu, na mguu haukufika. Alishika mlango, akainua goti, likaishia njiani. Tukaleta stuli ya jikoni. Akapanda stuli, akatetemeka, akashuka. Sisi sote watatu tulikuwa tumefikiria maji tu.

Rubani akambeba. Mama akibebwa hufumba macho kama mtu anayepita mbele za watu akiwa hajavaa vizuri. Alipokaa ndani alisema, "Huku juu kuna hewa." Namjua mama yangu. Alikuwa anatufichia aibu yake ili tusiione yetu.

Alhamisi, 10 Machi

Tumekwenda, tumerudi. Manyunyu.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Wateja wanaleta nguo zenye tope na kuniuliza kwa nini hazijashonwa.

Alhamisi, 17 Machi

Nimeshikwa na hasira.

Jana Rubani alifungiwa bampa la chuma mbele, zito, lenye winchi, ile mashine yenye waya wa kujivuta ukizama kwenye tope. Mchomeleaji alikata, akaunga, akapaka rangi, kazi safi kabisa. Leo, tukiwa kwenye lami tupu isiyo na kitu, hakuna gari wala mbuzi, mkwe akapiga kelele na gari likashika breki lenyewe. Breki za kuua. Mama alirushwa mbele, mkanda ukamkaba pale pale tumboni. Hakulia. Alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni na hataki kumwaibisha.

Tulipoendelea likafanya hivyo tena, na tena. Rubani aliendesha akiwa amelowa jasho. Pale hospitali nesi aliuliza alama nyekundu ya tumboni imetoka wapi. Nikasema gari. Akaniuliza, "Mmepata ajali?" Nikamfunika Mama shuka.

Ijumaa, 18 Machi

Ameelewa kosa. Lile jicho la mbele sasa liko nyuma ya chuma, kwa hiyo kila mara linaona kitu mbele yake. Kwa gari lile, tunaishi tukikaribia kugonga ukuta.

"Sasa toa bampa," nikamwambia.

"Nikitoa bampa natoa winchi, Dada. Bila winchi, kile kilima cha baada ya daraja tutakipandaje?"

"Basi toa jicho."

Nilisema kwa hasira tu, lakini nilisema. Mchana nilimwona amelala chini ya gari, miguu nje, akikata waya na kuufunga kwa utepe mweusi. Mtu wa sola haogopi waya.

Jumapili, 20 Machi

Taa za onyo zimejaa kwenye dashibodi, nyekundu na za njano. Mkwe haachi kusema. Anarudia maneno yale yale, kwa adabu ile ile. Mama anasema mkwe amekonda kwa kusema.

Mama ndiye aliyekonda. Nimepunguza magauni yake mawili leo, na moja nililipunguza wiki jana tu.

Alhamisi, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo. Tuliondoka mapema. Mama nilimvisha koti langu, na Rubani akambeba, akamfunga mkanda na mto katikati ili usimkabe. Darajani maji yalikuwa yakipita juu ya zege, ya rangi ya chai ya maziwa, lakini hayakuwa ya kutisha. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo wakitutazama. Rubani akavuta pumzi, akasema, "Ndiyo siku yenyewe hii," tukaingia.

Tukavuka. Nataka liandikwe, kwa sababu hakuna atakayelikumbuka. Tulivuka vizuri, maji yakipiga matairi, bomba likivuta hewa juu, na watu wa ng'ambo wakapiga makofi. Rubani alinigeukia na meno yote nje. Kwa dakika ile nilimwamini kabisa.

Kilima kikaanza. Ni tope jekundu, teketeke, na hapo ndipo gari lilipotakiwa kunguruma. Likanyong'onyea. Rubani anakanyaga mafuta mpaka chini, injini inahema kama mgonjwa, na gurudumu likiteleza kidogo tu gari lenyewe linalinyima nguvu. Alibonyeza kila kitufe. Kioo kikatoa picha ya gari yenye spana na alama ya mshangao. Mkwe akaongea. "Nyamaza!" Rubani akamfokea. "Nyamaza, nakwambia!" Mama akamgusa bega. "Usimfokee, baba. Huenda anasaidia."

Tukaanza kurudi nyuma. Polepole, breki zimeshikwa, matairi hayazunguki, na bado tunashuka kuelekea mtoni. Ndani mlikuwa na joto la hita, kiti laini, sauti nzuri ya mwanamke, na sisi tulikuwa tukiteremka hivyo hivyo. Nilimkumbatia Mama pale kiti cha nyuma. Hakuna nilichoweza kufanya zaidi ya hapo. Gari likajiegesha kwenye ukingo wa mfereji, likalala upande, likatulia.

"Winchi!" nikamwambia.

Akashuka, akavuta waya akatafuta pa kuufunga. Kile kilima wamekikata miti yote kwa ajili ya mkaa. Alisimama na ndoano ya chuma mkononi, mvua ikimpiga, akitazama huku na huku. Sijawahi kumwonea mtu huruma na kutaka kumpiga kwa wakati mmoja kama pale.

Mwenye trekta alikuja mchana, akatuvuta. Lakini alituvuta kwenda nyumbani, maana kule juu hata yeye hakuweza kupanda. Alhamisi ikapita. Mama alikunywa chai ya rangi, akasema hata hivyo leo alikuwa hajisikii kuchomwa sindano.

Jumamosi, 26 Machi

Fundi wa umeme wa magari amekuja kwa miguu kutoka mjini, laptopu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Anaijua lugha ya gari, alifanya kazi nchi lilikotoka miaka kadhaa. Alichomeka, akasoma, akakuna kichwa.

"Gari limejifungia," akasema. "Jicho halipo. Matairi ni makubwa, kwa hiyo linadhani linakwenda taratibu kuliko linavyokwenda. Urefu si wake. Halijiamini tena. Likiwa hivi, linajipunguzia nguvu lenyewe."

"Lifungue basi," nikasema.

"Siwezi. Jicho jipya lazima litambulishwe kwa mashine ya wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Ipo mjini tu."

"Na mjini ni ng'ambo ya mto."

"Ndiyo, dada yangu."

Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni na blanketi, akauliza, "Na yule mwanamke alikuwa anasema nini siku zote?"

Fundi akasikiliza. Alionekana kutotaka kujibu. "Anasema, tafadhali simama mahali salama, usiendelee na safari. Kisha anaomba radhi kwa usumbufu."

"Maskini," Mama akasema. "Na sisi tunamcheka."

Alhamisi, 31 Machi

Daraja halionekani kabisa. Hata mwenye trekta amekataa. Rubani alikwenda kusimama ukingoni, akarudi, akaenda tena, akarudi. Alhamisi ya pili hiyo.

Nilimngoja akae, halafu nikamwaga yote. Nilimwambia ametengeneza gari la kutazamwa. Kwamba angeliacha lilivyokuja, tarehe 24 lingepanda kile kilima. Kwamba Mama alipanda gari hili kwa miguu yake mara moja tu, ile safari ya kwanza, kabla halijaboreshwa. Nilisema "halijaboreshwa" kwa ile sauti yangu mbaya, naijua.

Hakujitetea. Alikuwa akijifuta grisi vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Daktari aliponionyesha ile picha ya tumbo la Mama," akasema, "nilimuuliza mimi nifanye nini. Akasema, muwahishe tu. Basi. Dada, wewe unampikia, unamwogesha, unamshonea. Mimi ningekaa tu namtazama?"

"Ungekaa tu unamtazama. Sote tunafanya hivyo."

"Mimi siwezi," akasema, akaanza kulia, mtu mzima yule, kwa sauti, mpaka Mama akaita kutoka chumbani kuuliza nani amekufa. Tukajibu pamoja kwamba hakuna. Nilimshika shingo kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo. Sikuwa na hasira tena. Hasira ilikuwa inanisaidia, sasa nami nimebaki mikono mitupu.

Jumanne, 5 Aprili

Maji yamepungua kidogo. Mto unapitika kwa miguu mkishikana.

Alhamisi, 7 Aprili

Wanaume wanne walimvusha Mama kwenye kiti cha plastiki. Rubani mbele kushoto. Ng'ambo tulikodi gari dogo, kuukuu, lisilo na kioo wala sauti, mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba. Mama aliingia mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumtazama Rubani.

Pale hospitali nesi alimpima damu. Damu ndogo. Hawawezi kumpa dawa, mwili hautaistahimili. Turudi wiki ijayo.

Tumevuka mto wote ule kuambiwa hivyo.

Alhamisi, 14 Aprili

Amepewa dripu, nusu ya kawaida. Mvua.

Jumamosi, 16 Aprili

Rubani ameanza kuvua alivyofunga. Bampa liko chini uani. Springi za zamani alizikuta kwa mchomeleaji zikizuia mlango wa banda la kuku. Anafanya kazi kimya, simu ameiweka ndani. Mama ameomba kiti chake kisogezwe dirishani amwone.

"Ana mikono mizuri," ameniambia. "Tangu mdogo. Ila hana subira na kitu kisichofunguka."

Alhamisi, 21 Aprili

Wamempiga picha ya tumbo. Tungoje majibu.

Alhamisi, 28 Aprili

Daktari alifunga mlango. Mama alikuwa nje na nesi, lakini nadhani alijua kabla yetu. Uvimbe umepanda kwenye ini. Dawa haina kazi tena, itamtesa bure. Atatupa dawa ya maumivu na tukae naye nyumbani.

Nilikuwa nikitazama viatu vya daktari, vina tope kama vyetu. Rubani ndiye aliyeuliza.

"Zile Alhamisi mbili tulizokosa, Daktari. Ndizo?"

"Ugonjwa huu una njia zake."

"Naelewa. Lakini tungefika zile mbili?"

Daktari alivua miwani. "Msijiulize hivyo," akasema kwa upole.

Angesema ndiyo, ningemchukia kaka yangu na ningekuwa na pa kuegemea. Angesema hapana, tungelala. Alituachia neno la upole, na Rubani amelibeba mpaka nyumbani. Nikisema si kosa lake, nitakuwa nimetaja kosa.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua zimekatika. Ghafla tu, kama mtu aliyefunga bomba. Mto umerudi chini ya daraja, na watu wanafua pale pale.

Jumamosi, 14 Mei

Gari limerudi kutoka kwa wakala. Jicho jipya, matairi ya kwanza, urefu wa kwanza. Limeagizwa, limetambulishwa, limekubali. Hakuna taa hata moja ya onyo. Rubani aliliegesha nyuma ya nyumba, upande usio na dirisha.

Mama hali chakula. Anakunywa maji kwa kijiko.

Alhamisi, 19 Mei

Asubuhi Mama aliniita, akataka gauni la kijani. Nikalipunguza akiwa amelivaa, kwa pini tu, sikutaka kumvua tena. "Leo ni Alhamisi," akasema. "Mwambie mwanangu atoe gari."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia hospitali hatuendi tena, Mama. Akasema anajua, yeye hajawa mtoto. Anataka kutembezwa.

Rubani alilileta mlangoni. Alipoinama kumbeba, Mama akamzuia kwa kiganja. Alishika mlango, akainua mguu, nami nikawa nyuma yake bila kumgusa. Akapanda mwenyewe. Kiti cha mbele, ambacho hakuwahi kukikalia. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Tulivuka daraja, tukapanda kile kilima. Gari lilipanda bila kuhema. Rubani aliendesha kana kwamba amebeba maji kwenye sahani. Mama alitaka kuonyeshwa kila kitu. Hiki ni cha nini? Na hiki? Rubani akamweleza kamera, akamweleza jicho, akamweleza jinsi linavyojua mstari wa barabara, sauti yake mwanzoni nzito, kisha ikaanza kuchangamka yenyewe, mpaka akawa anaeleza kwa mikono. Mama alikuwa akiitikia, "Enhe. Enhe." Mwishoni akasema, "Ni gari zuri, baba. Ulichagua vizuri." Nikageuza uso dirishani. Nilielewa gauni la kijani lilikuwa la nini: alijipamba ili aje amwambie hayo.

"Na picha hii?" akauliza.

Ni picha ndogo kwenye kioo, inaonyesha viti vya gari kwa juu. Rubani akaeleza bila kufikiri: kila kiti kina mzani chini yake, mtu akikaa gari linauhisi uzito wake, na kiti chake kwenye picha kinakuwa cha kijani; kitupu hubaki cha kijivu. Akanyoosha kidole. Kiti chake kilikuwa kijani. Changu cha nyuma, kijani. Kidole chake kikasimama njiani.

Kiti cha Mama kilikuwa kijivu.

Mama hakuona, macho yake hayasomi vitu vidogo. "Kwa hiyo linatujua wote," akasema.

"Ndiyo, Mama," Rubani akamjibu. Akaifunika picha ile kwa kiganja, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani.